Jini wa Kila Ijumaa

Barua iliandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi ya kalenda, na ilinuka maziwa.

Kandida aliisoma amesimama kando ya taipureta. Tangu magazeti ya watu binafsi yaruhusiwe, kila Ijumaa wasomaji wa Arusha walimngoja jini wa hadithi yake gazetini, yule mzuri wa Mlima Meru aliyempenda binti wa watu hata akamfungia ndani na kuondoka na ufunguo. Ufunguo huo Kandida aliubuni siku moja alipokuwa amechoka, hana la kuandika.

"Dada mwandishi," barua ilisema, "mimi niko Moshono. Mume wangu naye hunifungia akienda kazini, mwaka wa pili sasa. Zamani nilikuwa nalia. Hadithi yako imenionyesha kuwa ni mapenzi, nimetulia. Barua hii nampa mama wa maziwa dirishani. Usiache kuandika."

Pembeni pa karatasi palikuwa na alama ya kidole gumba kilicholowa maziwa, imekaukia pale na mistari yake yote. Kandida akaweka kidole chake juu yake. Vililingana.

"Wiki hii waoane," mhariri alisema bila kuinua kichwa. "Watu wanataka harusi."

Kandida alichomoa ukurasa kwenye taipureta, taratibu kama mtu aliyeshinda shambani, akachukua sweta yake.

"Sasa unakwenda wapi? Na harusi?"

"Mama aliyeileta hii barua," Kandida akamwuliza, "bado yuko hapo nje na madumu yake?"