Homa Iliyomfuata Mogesi

Zablon alizikagua kucha za Mogesi kwenye mwanga wa dirisha, moja moja, kama mtu anayetafuta mwiba. Hakuona kitu. Kucha fupi, vidole vimechakaa kwa maji ya sabuni.

"Utazimaliza, Bwana Afya," Mogesi alisema. "Zikiisha nitapikia nini?"

Wateja waliosimama nyuma ya pazia walicheka. Zablon hakucheka. Mama huyu, watu wa Sirari walishaanza kumwogopa. Alipokuwa akipika kule Genkuru, wachimbaji walilazwa kwa homa ya matumbo. Akahamia huku mpakani, na homa ikaja huku. Wazee walisema amefuatwa na kitu. Zablon hakuamini mambo ya kufuatwa, yeye aliamini vijidudu. Lakini kwa Mogesi njia zote mbili zilifika palepale: atafungiwa, na akifungiwa safari hii hakuna atakayempa jiko tena, si Tarime, si Serengeti.

Halafu kulikuwa na Salvatori, mchimbaji kutoka Kigoma, kijana mrefu wa vicheko. Alifia Genkuru wakati wa mvua, utumbo umetoboka. Jiko alikokuwa akila, Zablon mwenyewe alilikagua, akasema ni salama. Akahudhuria na maziko, kijana akifukiwa na watu wasiojua hata jina la mama yake.

Tangu hapo hakuachwa. Katika kila mgahawa alioingia, akifunua sufuria na mvuke ukitawanyika, alimkuta Salvatori upande wa pili wa jiko, amesimama, anamtazama kama mteja aliyesahauliwa.

"Nitampata aliyekuua," Zablon humwambia moyoni.

Basi akawa hapumziki. Hakuna afisa aliyezunguka kama yeye. Kila mahali alianza na choo, kutoka chooni stoo, kutoka stoo jikoni. Alisaka panya, maji machafu, nyama iliyolala. Mwisho anaonja. Hili la kuonja huku halikwepeki: watu hawaketi mpaka wamwone Bwana Afya amemega ugali kwa mkono wake na kuchota kachumbari ya kwenye beseni. Akishika kijiko watasema anaogopa. Naye hakuwa na hofu. Homa hiyo ilishamlaza zamani, alipokuwa kazini Busawe, akainuka, na tangu siku hiyo hajaumwa hata kichwa.

Wiki iliyopita aliagiza wapishi wote wa Sirari wapimwe, maana mtu huweza kukibeba kidudu bila kuumwa. Ikawa kazi. Watu waliona aibu kubeba vikopo vya choo, na Marwa wa nyama choma aliapa kwamba kitu cha namna hiyo hawezi kumkabidhi mwanamke wa maabara. Zablon akachukua kikopo, akaingia chooni, akatoka nacho mbele ya wote.

"Haya, mura, mimi nimeanza. Wewe mwanamume au siyo?"

Wakacheka, wakafuata mmoja mmoja.

Leo ilikuwa siku ya majibu, na Zablon alikuja kuyasubiri kwa Mogesi, ili akitajwa asikimbie.

"Mtoto wangu wa mwisho hachezi tena na wenzake," Mogesi alisema kwa sauti ya chini. "Wanamfukuza kama mbwa. Kama ni mimi, sema ni mimi. Nimechoka."

"Tungoje simu, mama."

"Basi onja. Watu wana njaa, usiwasimamishe kama wako kituoni."

Akamega tonge, akachovya vidole kwenye beseni la kachumbari, akala wakiona. Viti vikaburutwa, watu wakaketi. Mogesi akaanza kupakua. Mvuke ulipopanda Salvatori alikuwapo, karibu kuliko siku zote.

Simu ikaita. Alikuwa Hilaria wa maabara.

"Kidudu kimeonekana kwa mmoja tu," alisema. "Wengine wote wazima."

Zablon akamgeukia Mogesi. Yule mama alikuwa ameshaweka upawa chini, anafuta mikono kwenye kitenge, macho sakafuni.

"Mtaje," Zablon alisema. "Hapiki tena huyo. Namwondoa sasa hivi, mbele ya watu."

Hilaria akauliza kwanza:

"Uko wapi saa hizi, kaka Zablon?"

"Jikoni kwa Mogesi."

"Toka humo, kaka yangu," Hilaria alisema. "Toka, na usiguse kitu."