Penye Upenyo wa Pango

"Hapa tunapita mmoja mmoja, tena kwa kuinama," alisema Bi Tunu, mtembeza wageni. "Na msiguse mawe, jamani. Bado yanaota. Yakishikwashikwa na mikono yenye jasho, yanadumaa."

Mashavu akafungua kanga mgongoni, akamshusha Shomari, mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto huyo hakuwahi kupiga hata hatua moja.

"Nishikie, dada. Nikishapita unipe," akamwambia Bi Tunu.

Akapita, matone ya maji yakimdondokea kisogoni. Alipogeuka, alimwona Bi Tunu, asiyejua lolote, amemsimamisha mtoto chini, kando ya nguzo ya chokaa iliyolingana naye kimo.

"Haya, bwana mkubwa, mfuate mama! Mwanamume mzima unataka kubebwa?"

Mashavu akafungua kinywa aseme, "Huyu hatembei." Alishayasema maneno hayo zahanati, sokoni, hata kwa watu asiowajua. Safari hii akayameza. Akapiga magoti kwenye tope, akanyoosha mikono.

Shomari alikuwa ameing'ang'ania nguzo kwa viganja vyote viwili, magoti yakimtetemeka.

"Mbona yeye anagusa?" akalalamika mgeni mmoja kule nyuma.

Bi Tunu alimtazama mtoto, kisha akautazama uso wa mama.

"Subiri kidogo, baba," akamwambia mgeni yule taratibu, akiinamisha tochi imulike miguu ile midogo.

Kiganja kimoja kikaachia jiwe. Kilikuwa cheupe kwa maji ya chokaa, na kilibaki hewani, kimeelekea kwa mama.