Goti la Sulle

Emanuel alikuwa ndani kwa saa nzima, na Sulle, aliyekaa kwenye benchi nje ya chumba kile cha gesti, alisikia neno moja tu likipenya mlangoni: goti.

Akasimama, akakaa tena.

Katika Katesh yote ni mtu mmoja tu aliyejua habari za goti lile. Ilikuwa mwezi wa sita, wakiteremka kwa kasi barabara ya Mogitu wao wawili, ndipo kitu kilipokatika ndani ya mguu wa kulia wa Sulle. Akaanguka. Emanuel alimbeba mgongoni mpaka nyumba ya kwanza, akaapa hatamwambia mtu. Tangu siku ile Sulle alikuwa akikimbia kwa kuuma meno, na wakimbiaji wenzake walipoanza kumuuliza mbona amepungua kasi, akawaambia ni malaria.

Sasa alikuwa amekuja Nicodemo, mwanariadha wa zamani wa kule Mbulu, anayetafuta wakimbiaji kwa niaba ya kiwanda kimoja cha Japani chenye timu yake. Timu hiyo haikuwapa watu zawadi ya mbio moja halafu ikawasahau. Iliajiri. Mshahara kila mwezi, nyumba, daktari, miaka mitano. Kwa hiyo ilichagua watu kwa uangalifu mkubwa. Nicodemo alikuwa na daftari, na humo kila mtu alipimwa kwa mambo matatu: kasi yake, umri wake, na afya ya miguu yake. Aliyezidi miaka ishirini na mbili hakutakiwa. Mwenye jeraha alifutwa jina.

Na watu walisema nafasi ilikuwa moja tu.

Mlango ukafunguka. Emanuel akatoka akitazama chini, kama mtu aliyelia au aliyegombana.

"Ingia," akasema. "Usiogope."

"Umemwambia nini?"

"Amenikataza kusema. Utamsikia mwenyewe."

Akamgusa bega, akatoka nje juani bila kugeuka nyuma. Sulle alilisikia lile bega likiwaka moto. Mtu akikuonea huruma namna ile, alijiambia, ujue ameshakumaliza.

Alipita mlangoni kwa hatua sawasawa, akijilazimisha asichechemee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, kijana."

Nicodemo hakumtazama usoni. Alitazama chini ya meza, palepale mguu ulipokuwa.

"Miguu inaendeleaje?"

"Mizima, mzee."

"Yote miwili?"

"Yote."

Kalamu ikaandika kitu. Sulle alijitahidi kusoma maandishi kichwa chini, lakini herufi zilikuwa zikicheza. Chini ya meza goti lilianza kutetemeka lenyewe. Akalikandamiza kwa mikono yote miwili.

"Mbio za Arusha hukwenda. Kwa nini?"

"Malaria."

"Mm." Nicodemo akafunua ukurasa. "Nikuulize. Daktari akikuambia ukae miezi sita bila kukimbia, utaweza kuvumilia?"

Basi ni kweli. Anajua. Yote yameshasemwa, na huyu mzee anamzungusha tu, anamwacha ajinyonge kwa maneno yake mwenyewe. Sulle alimwona akilini mkewe Irene, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kulala kwa ubavu kwa sababu ya tumbo la ujauzito. Alikumbuka shamba la baba yake, lililogawanywa kwa wana watano mpaka fungu lake likawa kipande ambacho mbuzi mmoja angekimaliza kwa asubuhi moja. Miaka tisa alikuwa hajajifunza kitu kingine duniani ila kukimbia.

"Naweza," alijibu, na sauti haikuwa yake.

"Vizuri. Sasa, huyu mwenzako." Nicodemo aliegemea mbele. "Mmekua pamoja Balangdalalu. Kuna jambo lolote kumhusu ambalo kiwanda kinatakiwa kulijua kabla sijatia saini?"

Ndipo hofu ilipofungua mdomo wake.

"Cheti si chake."

"Cheti kipi?"

"Cha ubatizo. Kile alichoombea pasipoti." Maneno yalikuwa yakimtoka haraka, kama mtu anayekimbizwa. "Ni cha mdogo wake. Emanuel ana miaka ishirini na sita, mzee. Kama nafasi ni moja..."

"Una hakika?"

"Mdogo wake alifariki. Nilibeba jeneza."

Nicodemo aliweka kalamu chini. Lori la kwenda Singida lilipita barabarani, vioo vya dirisha vikatetemeka. Sulle alisubiri. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliweza kuvuta pumzi mpaka chini kabisa ya mapafu.

Mzee akavua miwani, akayafikicha macho kwa muda mrefu. Halafu akachukua karatasi mbili za mkataba zilizokuwa zimebanwa pamoja, akazichana katikati, taratibu, kisha akazichana tena.

"Kiwanda kilimtaka Emanuel peke yake," alisema. "Nimembembeleza saa nzima hapo ulipokaa, na amekataa kusaini mpaka niandike jina lako chini ya lake, na nusu ya mshahara wake ikatwe ulipiwe upasuaji wa goti."