Sinia Mbele ya Lifti

Meli ile ilikuwa kubwa hata mvua ikinyesha mbele, huko nyuma watu wanaanika nguo. Kumbi za kulia zilijaa kila ghorofa, na tangu wapande, Bi Mwanakombo hajala na hata mmoja wa wanawe, nao ndio waliomleta wakisema, "Mama, tukakae pamoja." Salimini alishinda kwenye samaki wabichi, Zuwena kwenye saladi, wajukuu kwenye aiskrimu.

Siku ya mwisho uvumilivu ukamwisha. Akamwaga matunda ya mapambo kutoka sinia kubwa la ukumbini, akalijaza pilau, akaketi nalo sakafuni mbele ya lifti.

"Bibi, jamani!" mhudumu akalalama. "Hapa kila mtu na sahani yake!"

"Ndiyo maana wamenipotea. Kawaite. Waambie mama yao amekaa njiani, hapiti mtu."

Mhudumu akaondoka akiguna. Pilau likaanza kupoa. Bi Mwanakombo akachambua nyama kwa vidole, akaweka fungu mbele ya kila nafasi tupu: la Salimini lenye mafuta, la Zuwena lisilo na mfupa.

Lifti ikalia. Hakuinua macho, alikunja tu kanga yake, nafasi iongezeke.