Kikao cha Kuzika Pikipiki

Mabenchi ya kanisa yalikuwa yamekwisha kupangwa chini ya turubai, na sufuria za kuazima zilikuwa zikichemka uani kwa Mbuke, ila hapakuwa na mtu aliyelia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo kichwani alisimama njiani, akauliza kwa sauti ya chini, "Poleni, jamani. Ni nani tena?"

"Hajafa mtu, mama," akajibu Marselino, mdogo wake Mbuke, ambaye hakuwahi kuuacha mzaha upite. "Leo tunazika pikipiki."

Mbuke hakucheka. Mwanawe wa pekee, Masalu, aliyekuwa akinunua na kuuza dhahabu huko Katoro, alikuwa amejinunulia pikipiki ya mashindano, nyekundu, ya kuilalia kifudifudi kama mtu anayechungulia kisima, pamoja na kofia ngumu ya rangi hiyohiyo. Walizinunua wawili, yeye na rafiki yake Luka. Luka alizikwa Buseresere kabla mvua za vuli hazijakatika, na tangu siku hiyo Mbuke hakusikia ngurumo barabarani asishike kifua.

Alikuwa amejaribu kila njia. Alificha ufunguo, Masalu akatoa wa akiba. Alifunga na kusali. Masalu akamletea kitenge. Alimwuliza chombo hicho ni cha kazi gani, ikiwa hakibebi gunia wala mgonjwa, na kila kijiji kina matuta yake barabarani, na ng'ombe hawajui kumpisha mtu.

"Mayu," Masalu alimjibu mama yake kwa upole, "siku utakapoumwa, nitafika kabla hujamaliza kuniita."

Ndipo Mbuke alipomwangukia shemeji yake, Mzee Stanslaus, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, auitishe ukoo hapo nyumbani, Masumbwe. Mtu huweza kumkatalia mamaye. Aukataliaye ukoo ulioketi hana wa kumposea mke, wala wa kumwuguza. Masalu angekabidhi ufunguo mbele ya wazee, na ukishakabidhiwa hivyo haurudi.

"Asiambiwe sababu," alionya Mzee Stanslaus akiishika simu. "Akiijua hatakuja. Isitoshe, neno zito halisemwi kwenye simu."

Sauti ya Masalu ilisikika uani kote.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Masalu, njoo nyumbani leo."

"Kuna nini?"

"Utaelezwa ukifika. Ukoo wote uko hapa."

Kelele za soko la Katoro zilisikika nyuma yake, kisha zikafifia, kama kwamba alikuwa amesogea kando.

"Nipe mayu niongee naye."

Mbuke alinyoosha mkono, lakini Mzee Stanslaus akatikisa kichwa. Alimjua shemeji yake: kwa neno la pili tu angelia na kueleza yote. Marselino alimziba dada yake mdomo kwa kiganja, macho yake yakicheka.

"Mama yako hawezi kuongea," alisema mzee.



"Na hiyo pikipiki uiache hukohuko," mzee akaongeza, kama Mbuke alivyokuwa amemsihi. "Panda basi. Usije peke yako."

"Sawa, baba mkubwa." Sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Simu ikakatika.

Mbuke aliketi chini, pale pale kwenye vumbi. Tangu chombo kile kinunuliwe, hakuwahi kumsikia mwanawe akijibu "sawa".

"Mmeisikia sauti yake?" aliuliza. "Amelainika."

"Amesikia harufu ya kuku," alisema Marselino.

Alipika siku ile kwa tumaini ambalo aliogopa hata kulitazama. Firigisi aliitoa mapema katika mchuzi, akaiweka katika bakuli lenye kifuniko, asije Marselino akaimaliza. Maneno nayo aliyaandaa. Hangemkaripia, wala hangemtajia Luka. Angemwambia tu kwamba hana mwingine.

Kila ngurumo iliyotoka upande wa barabara kuu ilimkausha mate, ikapita, akapumua. Jua lilikuwa limeanza kuinama aliposikia pikipiki ikikata kona kuja nyumbani. Alisimama jikoni akitega sikio. Haikuwa ile inayorarua hewa. Ilikuwa bodaboda ya kawaida, inayokohoa kama pikipiki zote za watu maskini. Mtoto amesikia, alijiambia. Ameiacha, amepanda basi, na kutoka stendi ameletwa na bodaboda.

Alijifuta mikono, akachukua lile bakuli, akaenda mlangoni.

Aliyeshuka alikuwa Wiliam, mwendesha bodaboda wa Katoro, rafiki yake Masalu. Hakuwa na abiria. Aliyatazama mabenchi, turubai na sufuria kama mtu aliyekuta alichokitarajia, kisha akachuchumaa mbele ya Mzee Stanslaus. Kwapani alibana kofia ngumu nyekundu, iliyopasuka upande mmoja.

"Poleni sana, baba," alisema. "Nimekuja mwenyewe. Neno zito halisemwi kwenye simu."

Bakuli lilimponyoka Mbuke. Wiliam aligeuka, akamwona amesimama mlangoni, akarudi nyuma mpaka akajigonga kwenye benchi.

"Mama Masalu," alisema hatimaye, "alituambia anawahi kukuzika."