Chupa Chini ya Kitanda

Mume wangu, Masunga, alirudi kutoka chooni akijishikilia ukutani. Alikuwa ametoka damu tena. Tangu ugonjwa huu wa tumbo umwanze, alikuwa hataki shamba, hataki ng'ombe, hataki hata kuitikia salamu.

Siku hizo ushirika ulikuwa umeacha kugawa dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Tulijinunulia madukani, na hapa Nkoma kila mtu aliificha chini ya kitanda isiibwe.

Masunga aliketi kitandani. Kisigino chake kikagusa chupa, kikabaki pale pale.

"Mama Shija, hii dawa ipeleke kwa kaka yako."

"Si tunapulizia kesho? Wadudu wamejaa."

"Ipeleke sasa hivi." Kisigino kilikuwa kinaigongesha chupa kwenye mguu wa kitanda. "Usiniache nayo humu ndani."