Viti Vimetoka

Mjinga wa siku ile alikuwa yeye mwenyewe, na hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amesimama katikati ya ghala lake nyuma ya nyumba, ghala la mtu anayeishi kwa kukodisha viti, na ndani hakikuwemo hata kimoja cha kukalia akawaza.

Viti vyake vyote vilikuwa juu ya lori, vikielekea kwenye harusi mji wa mbali. Na asubuhi hiyohiyo vilitakiwa viwe kwenye ukumbi wa chuo cha wauguzi, kwenye mahafali. Oda zote mbili zilipokewa na ile programu mpya ya simu, aliyokuwa akiisifu kama mtu anavyosifu mchumba. Programu ilikubali kila kitu. Yeye kazi yake ilikuwa kuangalia tu, na hakuangalia.

Mahafali yakiharibika, mkataba wa chuo wa mwaka mzima umekwenda na maji. Na bila chuo, afunge ghala akafuge kuku.

"Baba Pacha," mkewe alimwita kutoka mlangoni, simu sikioni. "Hebu nikwambie kitu."

"Baadaye! Nyumba inaungua, wewe unaniletea maongezi."

"Haya. Utanitafuta mwenyewe."

Zamani asingehangaika hivi. Wakodishaji wa mji mzima walikuwa na umoja wao: aliyepungukiwa alipewa na wenzake, akarudisha viti vikiwa vimefutwa vumbi, basi. Yeye alijitoa. Aliona anawabeba wapinzani wake mgongoni. "Siku hizi biashara ni simu," aliwaambia kwenye kikao chake cha mwisho, "si kukaa kuulizana hali za mashangazi." Wote walicheka. Mama Turubai, mwenye mahema makubwa kuliko yote mjini, ndiye pekee ambaye hakucheka.

Sasa uso ulimshuka kwa aibu, lakini akampigia Kipara, mwenzake wa zamani.

"Kipara, viti vipo?"

"Lo, hata salamu! Hujambo, ndugu yangu? Mgongo wa mama unaendeleaje?"

"Vipo au havipo?"

"Havipo. Vimetoka."

Akakata. Akampigia wa karibu na soko: vimetoka. Wa stendi: vimetoka, na nyuma ya sauti yake kukasikika vyuma vikigongana na watu wakicheka. Mkewe akapiga, naye akaikata simu yake. Akazunguka ghala. Akatoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Kijasho kilikuwa kinamshuka mgongoni na jua bado halijapanda.

Mji mzima viti vitoke asubuhi moja? Watu wote wanaoa leo? Hapana. Hawa walikuwa wamekaa chini wakapanga: yule mjuaji tumwonyeshe.

Mama Turubai alimwacha wa mwisho, kama dawa chungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenikumbuka."

"Viti, mama. Vyovyote. Hata vile vinavyowachania watu suruali."

"Vimetoka."

"Vyote?"

"Hata cha jikoni kwangu."

"Mnanikomoa!"

"Niache, mwanangu, mikono imejaa hapa." Simu ikakatika.

Akaruka kwenye pikipiki. Potelea mbali, atakwenda mwenyewe kumpigia magoti mkuu wa chuo kabla wageni hawajafika. Njia nzima alikuwa anatunga uongo. Kwanza lori limepata pancha. Halafu dereva kaugua tumbo. Alipofika kwenye mataa, dereva alikuwa ameshalazwa na hali yake ni mbaya. Akapita shule ya msingi, akapunguza mwendo akiangalia madarasa, akaona makufuli, akaongeza mwendo.

Kwenye geti la chuo ilibidi asimame. Lori la Mama Turubai lilikuwa linatoka, tupu kabisa, na mwenyewe yuko mbele karibu na dereva, kilemba kimejaa vumbi. Nyuma, Kipara alikuwa amening'inia kwenye bomba kama nyani mwenye furaha.

Kila kitu kikamkaa sawa kichwani. Kumbe si kukomoana tu!

Akaiachia pikipiki ikaanguka palepale, akang'ang'ania mlango wa lori.

"Wezi nyinyi! Mnaniambia viti hakuna, kumbe mmewahi kuninyang'anya chuo! Miaka yote nahangaika na hawa watu, leo mnawapangia viti nyinyi!"

Mama Turubai akateremsha kioo taratibu mpaka mwisho.

"Mkuu wa chuo anakutafuta humo ndani."

"Anifukuze, si ndiyo? Mmeshamaliza kazi!"

"Akushukuru. Mkeo aliliona lori lako linashika njia ya mbali badala ya chuoni, akatupigia alfajiri wewe bado unakoroma. Viti vya mji mzima vimo humo, vimepangwa, na kila anayeuliza anaambiwa ni vyako."

Akauachia mlango. Ila mdomo wa mtu aliyekimbia namna ile haunyamazi kwa mara moja.

"Sasa si mngesema! Nimempigia kila mtu, na kila mtu ananijibu vimetoka, vimetoka, vimetoka!"

"Uliuliza kama vipo, mwanangu," alisema Mama Turubai, akimwashiria dereva aondoe gari. "Vimekwenda wapi, hukumuuliza hata mmoja."